Bastola Isiyokwama

Kila mwaka, ulipofika wakati wa kukagua leseni, sisi wenye silaha ndogo tuliitwa Musoma tukakalishwa kwenye benchi moja refu nje ya kituo cha polisi. Wenye magobore walikuwa na siku yao, na hao walikuwa wengi hata mstari wao ukafika barabarani. Wenye bastola tulikuwa hatuzidi wanane, na hatukuwa na la kufanya isipokuwa kuzisema vibaya bastola zetu huku tukimsubiri sajini amalize chai yake.

Sijawahi kukaa na watu wanaochukia mali zao kama wale. Bwana nyama wa Bunda, ambaye kazi yake ilikuwa kufukuza tembo na viboko mashambani, alirithi kwa Mzungu aliyemtangulia bastola nzito ya matundu sita, yenye kamba ya ngozi kwenye mpini. Akiifunga kiunoni, suruali inashuka. "Hii si silaha, ni nanga," alisema. "Nilipigaga debe kwa hatua kumi tu. Debe likakaa vile vile, mkono wangu ndio ukavimba." Msimamizi wa zamani wa mgodi wa Buhemba alikuwa na bastola iliyotoka vitani, sijui vita vya nani, na kile kizuizi chake cha usalama kilikuwa kinateleza chenyewe. Ilimpiga pajani siku moja akipanda baiskeli. Nilipomfahamu alikuwa tayari anachechemea, na bado aliilipia leseni. Tulimuuliza kwa nini haitupi. "Risasi zake hazipatikani tena," alijibu. "Sasa ndio naiamini."

Mwenye duka mmoja wa Bunda, Mhindi aliyezaliwa hapo hapo, alikuwa na ndogo kuliko zote, ya kuingia mfuko wa shati. Duka lake lilipakana na kiwanda cha kuchambua pamba. Alikuwa akiifungua mbele yetu, anachokonoa ndani kwa njiti ya kiberiti, anatoa unyoya mweupe wa pamba. "Hii kitu mwizi akija, bora nimuonyeshe picha ya mama yangu," alisema, "pengine atakuwa na huruma." Tulicheka mpaka sajini akachungulia dirishani.

Kisha wakanigeukia. "Na yako, bwana mifugo?"

Yangu ilikuwa ya serikali, yenye mtutu mfupi na mpini wa mbao uliolainika kwa mikono ya walionitangulia. Nilisema, "Inakwama." Wakatikisa vichwa kwa huruma, maana hakuna aibu kubwa kwa mwenye bastola kuliko ile inayokwama.

Nilisema uongo. Nilisema mwaka wa kwanza bila kufikiri, na miaka iliyofuata ikabidi niurudie, hata nikawa napangiwa nafasi benchini kati ya Mhindi wa pamba na mzee wa paja, kama mgonjwa kati ya wagonjwa wenzake. Wenzangu wale walizichukia silaha zilizowaangusha. Yangu haikuniangusha hata siku moja. Ingekwama, hata mara moja tu, siku ninayoijua mimi, ningeipenda mpaka leo.

Nilikuwa msaidizi wa mifugo, kituo changu Bunda, miaka michache baada ya Uhuru. Nilipomaliza chuo nilipewa baiskeli, koti la mvua, sanduku la sindano, na hiyo bastola kwa ajili ya mbwa wenye kichaa. Nikavimba kichwa, sitaficha. Nilikuwa nikiivaa nje ya koti hata siku ya kwenda kanisani. Baba yangu alikuwa na ng'ombe ishirini na saba kwenye vilima vya Butiama, na sasa akawa na mtoto anayewatibu ng'ombe kwa dawa ya serikali. Alikuwa akinisindikiza mpaka njia panda na kuongea kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ili majirani wasikie tunaongea habari za chanjo.

Kisha homa ya mapafu ikaingia. Wenye ng'ombe wanaijua: mnyama anasimama ametanua miguu ya mbele, shingo ameinyoosha, anakohoa kikohozi kikavu kama mzee mvuta kiko. Jumamosi moja daktari wa mifugo alituita Musoma, wasaidizi wote, akatueleza. Jumatatu itatangazwa karantini, na ng'ombe hata mmoja asitoke alipo. Zizi litakaloonekana na ugonjwa, ng'ombe wake wote watapigwa risasi na kufukiwa na chokaa, nyama isiliwe, ngozi isichunwe. "Msimwambie mtu yeyote kabla ya Jumatatu," alisema, akatutazama mmoja mmoja. Nilimtazama na mimi, nikaitikia.

Jumapili mchana nikapanda baiskeli kwenda Butiama.

Nimejiuliza miaka mingi nilikwenda kufanya nini. Nilijiambia nakwenda ili mzee asije akasikia habari kubwa kama hiyo kwa mtu baki. Lakini kwetu hakuna mwenye akili anayeweka ng'ombe wake wote zizi moja. Unampelekea rafiki wachache mahali pa mbali. Yeye anakunywa maziwa, anatumia samadi, na katika ndama anapata wake. Wakija wezi, ukija ukame, unabaki na mahali pa kuanzia. Kwa mfugaji wa kwetu, kusikia hatari inakuja na kutawanya ng'ombe ni jambo moja. Kwa hiyo nikisema sikujua baba atafanya nini, nitakuwa nimeongeza uongo juu ya ule wa benchini.

Nilimkuta zizini anamtoa kupe ng'ombe mmoja mwekundu. Nikamweleza yote, mpaka chokaa. Aliendelea na kupe wake. Tuliongea kwa lugha ya nyumbani, na naweza kuiandika kwa Kiswahili bila kupoteza kitu, kwa sababu maneno yalikuwa machache.

"Sasa wewe unasemaje?"

"Mimi sisemi kitu, baba. Nilikuja kukusalimia."

"Haya," akasema. "Nimesalimiwa."

Kuna jambo moja ambalo sikumwambia, na ndilo pekee nililojifunza chuoni ambalo yeye hakulijua. Homa ile inaweza kukaa kifuani mwa ng'ombe wiki nyingi bila kikohozi. Ng'ombe anakula, anakamuliwa, anang'aa, na huku anawaambukiza wenzake. Nililijua vizuri, niliandika katika mtihani nikapata alama zote. Mbele ya baba halikunijia mdomoni. Niliogopa, nadhani, kuwa mwalimu wake.

Tangazo lilipofika Jumatatu, ng'ombe kumi na wawili wa baba walikuwa wameswagwa usiku kucha na tayari wako Suguti kwa rafiki yake. Huyo mzee wa Suguti walifahamiana ujanani walipokuwa vibarua mgodini Buhemba, wakilala mkeka mmoja, na tangu hapo hapakuwa na mwaka ambao ng'ombe wa mmoja hakulala kwa mwenzake. Alikuwa na wake kumi na wanne. Aliwafungulia mlango wale wa baba bila kuuliza, kama ambavyo baba angemfungulia yeye.

Wiki ya sita mzee wa Suguti alikwenda mwenyewe kwa miguu kuripoti kikohozi.

Daktari aliitisha baraza hapo hapo Suguti. Baba akaitwa kutoka Butiama, akaja na gari la serikali, mara yake ya kwanza kupanda gari. Watu walijaa, kwa sababu kila mtu alikuwa na ng'ombe jirani na zizi lile. Daktari alimuuliza mbele ya wote: alijuaje ahamishe ng'ombe wake siku moja kabla ya tangazo? Nani alimwambia?

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya meza ya daktari, bastola kiunoni. Baba hakunitazama. Kama angenitazama, nafikiri ningesema. Alimtazama daktari akajibu kwa Kiswahili chake cha shida, "Hakuna mtu aliniambia. Mimi niliona mwenyewe ng'ombe yangu iko mgonjwa, nikatoa."

Akachagua jibu baya kuliko yote. Angeweza kusema alimpelekea rafiki yake ng'ombe kama desturi, hakujua kitu. Lakini daktari asingeliamini, angeendelea kuuliza, na mwisho wa kuuliza ningekuwa mimi. Kwa hiyo akasema aliujua ugonjwa na akampelekea rafiki yake. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Mzee wa Suguti alikuwa ameketi mbele, kwenye kigoda. Akainuka na kigoda chake, akaenda kukaa upande wa pili.

Na mimi nikanyamaza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na mshahara, na koti la mvua. Siongezi kitu hapo.

Kesho yake asubuhi kazi ilifanyika. Daktari alisema bunduki kubwa ya kituo iko matengenezoni, tutumie bastola yangu, kwa karibu kabisa. Nilifurahi kwa sekunde chache. Nilifikiri chombo hiki ni cha mbwa, hakitaweza, kitakwama, itabidi tuache, na ng'ombe watangoja hata wiki. Katika wiki moja mambo mengi hubadilika. Niliomba kikwame. Sijawahi kuomba Mungu kwa ajili ya kitu kwa nguvu kama asubuhi ile.

Ng'ombe hawakukubali kusimama kwa watu wa serikali. Wakatawanyika zizini, wakapiga mateke, mtu mmoja akavunjika kidole. Mwisho mzee wa Suguti akaingia mwenyewe. Akawaita mmoja mmoja kwa rangi yake, kama anavyowaita kuwakamua, nao wakaja. Alimshika kila mmoja pembe, akamwambia maneno sikioni, na mimi nikaweka mtutu pale nilipofundishwa. Wake kumi na wanne, na wa baba kumi na wawili. Nilijaza matundu sita mara nne, na mara ya tano nikaweka mbili. Haikukwama. Haikupiga kando. Kila risasi ng'ombe mmoja, na mzee anarudi kumwita mwingine, na mwingine anakuja.

Daktari alinishika bega. "Kazi safi," alisema. "Hata risasi moja haijapotea."

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kuichukia, kama kuna aliyetaka kujua pale benchini. Silaha ya bwana nyama ilikuwa nzito, ya Mhindi ilikula pamba, ya mzee wa mgodi ilimtoboa mwenyewe. Yangu ilikuwa nzuri. Iliwapiga ng'ombe wa mtu ambaye hakukosa kitu, wakiwa wameshikwa na mkono waliouamini, na haikusita hata pale mwenyewe nilipositasita.

Siku iliyofuata tulikwenda Butiama kwa wale kumi na watano waliobaki. Baba alikuja mwenyewe kuondoa matawi ya miiba mlangoni pa zizi. Akatupisha, akaenda shambani na jembe, na nikamsikia akilima muda wote, bila kupumzika, mpaka tulipomaliza.

Baada ya hapo, kila nilipokwenda kumsalimia, alikuwa akiniuliza kabla sijaegesha baiskeli, "Umekuja nayo?" Nilimwambia sikuja nayo. Ndipo aliponikaribisha. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anavyouliza kama nje kuna mvua. Mwaka mmoja nilimpelekea mitamba wawili wazuri. Aliwatazama, akasifu maungo yao, akasema amezeeka, hawezi kuchunga tena. Ndugu yangu akawachukua. Zizi la baba halikuingia ng'ombe tena, na majani yakaota mpaka mlangoni.

Watu hawakumsamehe. Walimwita mleta homa, na jina likamshika. Akikaa kwenye pombe, watu wa upande wake wanakumbuka ghafla kwamba wana safari. Hakujitetea hata kwa mama, na mama alifariki akiamini kama walivyoamini wengine. Mimi nilikuwa nakwenda pale kila mwezi, napewa kiti, nakula ugali wa mtu anayebeba mzigo wangu, narudi Bunda. Nilikuwa nikijiambia nitasema. Nitasema mavuno yakiisha. Nitasema nikihamishwa kituo. Ni ajabu jinsi kesho inavyokuwa karibu kwa mwoga.

Mwishowe bastola niliirudisha. Sajini alitaka sababu ya kuandika kitabuni, nikamwambia ile ile ya kila mwaka, akaandika kwa mwandiko mzuri: inakwama. Wakati huo watu walikuwa wanahamishiwa vijijini. Lori lilikuja likachukua vyombo vya baba, likamshusha katika safu ya nyumba mpya, nyumba kumi kwa kumi, yeye akiwa katikati ya watu waliokuwa wanamkwepa vilimani na sasa hawakuwa na pa kumkwepea. Alikaa misimu miwili ya pamba. Akafa asubuhi moja akiwa anavaa viatu.

Kwetu mzee mwenye boma anazikwa zizini kwake, amefungwa ngozi ya dume wake mwenyewe. Wazee walikubaliana turudi vilimani kwenye lile zizi la zamani, hata kama miiba ilikuwa imeoza. Lakini ngozi ilikuwa hakuna. Ya kununua haifai, na ya ng'ombe wa mtoto haifai. Baba mdogo akasema iko njia moja tu: ngozi ya kutoka zizi la rafiki ambaye marehemu alikuwa akiweka ng'ombe kwake, kwa sababu zizi walimolala ng'ombe wake ni kama lake, hata likijazwa ng'ombe wapya. Akanitazama mimi, kwa kuwa nilikuwa na baiskeli.

Kesho yake nilifika Suguti saa tatu asubuhi. Mzee alikuwa amekonda, anamenya mihogo mlangoni. Nilimwambia baba amekufa, na nimekuja kuomba ngozi ya kumzikia.

"Ngozi," akasema. Akanyoosha kisu kuelekea mahali palipokuwa na zizi lake. Palikuwa na shamba la mihogo, mihogo mirefu, yenye afya kwa sababu ya samadi ya zamani. "Ngozi ya nani? Tangu siku ile mimi ng'ombe sikuwekaga tena. Sikuweza."

Hapo nikasema. Nilisimama mbele yake, sikuketi, nikamwambia kwamba baba hakujua ng'ombe wake ni wagonjwa. Kwamba mimi nilikwenda Jumapili nikamwambia karantini inakuja. Kwamba nilijua ugonjwa unajificha na sikumwambia. Kwamba pale barazani alinificha, na mimi nikafichika. Nilisema haraka, kama mtu anayetapika.

Aliacha kumenya. Hakunitukana. Ningelipa chochote anitukane.

"Wewe ulikuwepo," akasema. "Miaka yote hiyo wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo, baba."

"Tulikutanaga mnadani Bunda, mimi na yeye. Akaniona, akaniita. Mimi nikageuza shingo. Akaniita tena. Mara tatu aliniita, mbele ya watu, mtu mzima vile. Sikuitika." Akaangalia mihogo mikononi mwake. "Alikuwa anataka kuniambia nini?"

Nilimwambia sijui. Nilimwambia nadhani alitaka kumsalimia tu, maana siri yangu asingeitoa.

Aliingia ndani akatoka na fimbo na koti. Nikamwambia apande nyuma ya baiskeli, tuwahi, wanazika leo jioni. Aliitazama baiskeli, akanitazama mimi, akasema atakwenda kwa miguu. Nikamsihi. Akaanza kutembea, hakugeuka. Ilikuwa safari ya siku nzima kwa kijana.

Tulimzika baba saa kumi na moja, katika blanketi la kijivu. Wazee walisubiri walivyoweza. Watu walikuwa wachache kuliko benchi lile la Musoma.

Mzee wa Suguti alifika kesho yake asubuhi, miguu imevimba, akiwa amelala kwa watu njiani. Nilimpeleka mpaka zizini, akaniashiria nisimame mbali. Akaenda kwenye ule udongo mbichi akavua kofia, na akamwita baba kwa jina lake la ujana, jina ambalo mimi nilikuwa silijui. Akasubiri. Akamwita tena, akasubiri. Mara ya tatu alimwita kwa sauti kubwa, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mnada, na akakaa pale akisikiliza kwa muda mrefu sana.